Soneti ya bahari ya kuchambua: ya Keats au ya Charlotte Smith?

Mtu anayetakiwa kuchambua umbo na sauti katika soneti ya kipindi cha Uromantiki inayohusu bahari ana mashairi kadhaa ya kuchagua, lakini mawili yanastahili kuwekwa mbele ya mengine. La kwanza ni "On the Sea" la John Keats, alilolitunga Aprili 1817 akiwa katika kisiwa cha Wight. La pili ni soneti ya 44 ya Charlotte Smith, iliyotokea mara ya kwanza mwaka 1789 katika toleo la tano la mkusanyiko wake, Elegiac Sonnets, na ambayo kichwa chake kinasema iliandikwa katika makaburi ya kanisa la Middleton, Sussex. Yote mawili yana mishororo 14, yote yanatoka katika pwani ya kusini ya Uingereza, na yote yanautambua mwezi kuwa ndio unaoyatawala maji: Smith anautaja kwa jina, naye Keats anamtaja Hecate, mungu wa kike wa Wagiriki aliyehusishwa na mwezi na uchawi. Hata hivyo yanadai uchambuzi wa namna mbili tofauti, na anayechagua bila kuijua tofauti hiyo huishia kusimulia habari za mawimbi kurasa tatu nzima bila kugusa umbo wala sauti.

Maoni yangu, ambayo nitayatetea kwa mishororo yenyewe, ni kwamba Keats anaiweka bahari ndani ya sauti za maneno, ilhali Smith anaiweka ndani ya umbo la shairi. Kwa Keats, ukilisoma kimoyomoyo umepoteza nusu ya ushahidi. Kwa Smith, ushahidi mwingi unaonekana hata kwa macho, kwa sababu bahari yake inavuka mipaka ya kuta za kaburi na wakati huohuo inavuka mipaka ya beti. Hiyo ndiyo tofauti ya kupimia, wala si swali la lipi ni zuri zaidi.

Sikio la Kiswahili mbele ya soneti ya Kiingereza

Kabla ya kuyalinganisha, ni vyema kuweka wazi mambo ambayo msomaji aliyelelewa na ushairi wa Kiswahili huja nayo, kwa sababu mengine yanamsaidia na mengine yanampoteza. Anayejua kuhesabu mizani na kufuatilia vina tayari ana nidhamu ambayo wasomaji wengi wa Kiingereza cha kisasa hawana. Atagundua haraka kwamba mshororo wa soneti una mizani kumi, na kwamba vina vyake vina mpangilio unaoweza kuandikwa kwa herufi. Lakini katika shairi la Kiswahili kila silabi huhesabiwa sawa na mwenzake, ilhali katika soneti ya Kiingereza hizo kumi hupangwa jozi kwa jozi, silabi hafifu ikifuatwa na silabi yenye mkazo, mara tano. Kuhesabu kumi peke yake hakutoshi. Lazima ujue mkazo umeangukia wapi, kwa kuwa mshairi hufanya kazi yake kubwa pale anapokiuka utaratibu huo.

Hapo ndipo ulimi wetu unapohitaji kuangaliwa. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na mazoea hayo huhamia kwenye Kiingereza pasipo mtu kujitambua. Mashairi haya mawili yamejaa maneno ya silabi tatu yanayobeba mkazo kwenye silabi ya kwanza: "whisperings", "desolate" na "melody" kwa Keats, "arbitress" na "equinox" kwa Smith. Mwanafunzi anayeyatamka kwa mkazo wa katikati atapata mapigo ambayo mshairi hakuyaweka, na uchambuzi wake wote wa ridhimu utajengwa juu ya kosa. Kamusi inayoonyesha mkazo ni chombo cha lazima katika kazi hii, hata kwa mtu anayekizungumza Kiingereza kila siku.

Tofauti ya vina ni ndogo zaidi. Kina cha Kiswahili ni silabi nzima, konsonanti na irabu yake. Kina cha Kiingereza huanzia kwenye irabu yenye mkazo na kuendelea hadi mwisho wa neno, kwa hiyo "swell", "spell", "shell" na "fell" ni vina kamili ingawa zinaanza kwa sauti tofauti. Vina vya kati havipo. Pumziko la ndani ya mshororo linahamahama, na mahali lilipo katika mshororo fulani ni jambo la kuelezwa.

Keats: bahari inayosikika

Keats alikuwa na umri wa miaka 21 alipolitunga shairi hili. Alilipeleka kwa rafiki yake John Hamilton Reynolds ndani ya barua, akamweleza kwamba kuna kifungu katika tamthilia ya King Lear ya Shakespeare kilichokuwa kinamwandama, kile kinachouliza kama huisikii bahari. Likachapishwa katika gazeti la The Champion mwezi Agosti mwaka huohuo. Habari ya barua hiyo ina maana kwa mchambuzi kwa sababu moja tu: shairi lilizaliwa kutokana na swali la kusikia. Katika tamthilia, Edgar anamuuliza Gloucester aliyepofuka kama anaisikia bahari, na bahari yenyewe haipo karibu. Keats anaanza hapohapo, kwenye sikio:

"It keeps eternal whisperings around
Desolate shores, and with its mighty swell
Gluts twice ten thousand Caverns, till the spell
Of Hecate leaves them their old shadowy sound."

Bahari inanong'ona milele kuzunguka fukwe zilizo ukiwa. Inapofura inayajaza mapango elfu ishirini hadi yavimbiwe, mpaka uchawi wa Hecate uyaachie mlio wao wa kale. Mshororo wa kwanza unakwenda kwa utaratibu karibu kamili, hafifu na mkazo, hafifu na mkazo, kama ulivyo mnong'ono usiokoma. Lakini mshororo huo ni mshata, yaani maana yake haikamiliki hadi mshororo unaofuata. Neno "around" linaachwa likining'inia ukingoni, na msomaji analazimika kuvuka ili ajue ni kuzunguka nini. Akivuka, anakutana na "Desolate", neno linaloanza kwa mkazo mahali ambapo kanuni ilitarajia silabi hafifu. Mshororo wa tatu unafanya hivyo kwa nguvu zaidi: "Gluts twice ten thou-" ni silabi nne nzito zinazofuatana, ulimi haupati pa kupumzika, kinywa kimejaa kama yalivyojaa mapango. Kisha uchawi wa Hecate unakuja na maji yanatoka, na mshororo wa nne unalegea.

Kulegea huko kunahitaji uangalifu. Anayeuhesabu mshororo wa nne kwa kutamka kila silabi ya "Hecate" na "shadowy" atapata mizani kumi na mbili na kudhani Keats amekosea. Hakukosea. "Hecate" hapa hutamkwa kwa silabi mbili, kama Shakespeare anavyolitumia mara nyingi, na "shadowy" hubanwa iwe silabi mbili pia. Ukilisoma hivyo unapata kumi, na unasikia jinsi silabi zilizobanwa zinavyopita haraka na kwa wepesi baada ya uzito wa "Gluts". Jambo hili peke yake linaweza kuzaa aya nzuri ya insha, maana linaonyesha kwamba mwandishi amesoma kwa sauti.

Vina vya mishororo minane ya kwanza ni ABBAABBA, mpangilio wa Kiitaliano unaonasibishwa na mshairi Petrarch. Maana yake ni kwamba mishororo yote minane inabebwa na sauti mbili tu, "-ound" na "-ell". Ya kwanza ni ndefu, inaanza mdomo ukiwa wazi, inajifunga, kisha inapitia puani. Ya pili ni fupi. Katika kusikika kwake, mpangilio unatoa ndefu moja, fupi mbili, ndefu mbili, fupi mbili, ndefu moja. Ni mwendo wa kwenda na kurudi, nao unafungwa na kina cha mshororo wa nane, "unbound", neno linalosema kwamba pepo zimefunguliwa, ilhali linafunga sehemu iliyobanwa kuliko zote katika shairi.

Hata hivyo, jambo ninalolithamini zaidi katika soneti hii ni namna sauti /s/ na /sh/ zinavyotumika. Wanafunzi wengi huandika kwamba wingi wa herufi s "unaigiza bahari" na kuishia hapo. Hoja hiyo haina nguvu, kwa sababu Kiingereza kimejaa s kila mahali, hata katika shairi kuhusu jangwa. Hoja inapata nguvu pale tu unapoonyesha mahali ambapo sauti hiyo inatoweka. Keats anatupa ushahidi huo. Katika mshororo wa sita, ambapo bahari imetulia kiasi kwamba hata gome dogo kabisa la kombe haliondoki lilipo, tunapata "scarcely", "smallest" na "shell": mshororo mmoja wenye mivumo mitano, yaani sauti tano za /s/ na /sh/. Mshororo wa tisa unawageukia watu waliochoka macho, "Oh ye! who have your eyeballs vexed and tired", na /s/ imebaki moja tu, imejificha ndani ya "vexed". Wa kumi unawaambia wayalishe macho hayo kwa upana wa bahari, "Feast them upon the wideness of the Sea", na papo hapo /s/ inarudi mara tatu. Wa kumi na moja unawageukia wale ambao masikio yao yamechoshwa na makelele, "whose ears are dinned with uproar rude", na hakuna /s/ hata moja. Kuna /d/ na /r/ zinazogongana. Wa kumi na mbili unataja muziki mtamu uliokinaisha, "fed too much with cloying melody", na hapo pia hakuna, ila ulaini wa /l/ na /m/. Kisha msomaji anaambiwa aketi karibu na mdomo wa pango la kale, "Sit ye near some old Cavern's Mouth", na mivumo inarejea hadi mwisho. Yaani /s/ inaandamana na bahari, na inaondoka kila mara shairi linapoingia kwenye ulimwengu wa watu na kelele zao. Huo ni ushahidi ambao msahihishaji hawezi kuupinga kwa urahisi.

Mishororo sita ya mwisho ina mpangilio wa CDEDEC. Jambo la kutazama ni umbali kati ya C ya kwanza na C ya pili. "Tired" iko mwishoni mwa mshororo wa tisa. Mwenzake, "quired", haji hadi wa kumi na nne, baada ya mishororo minne yenye vina vingine. Kufikia hapo sikio limekwisha kuisahau ahadi. Na mshororo huo wa mwisho unasema nini? Kwamba ukae mbele ya pango ukitafakari "Until ye start", mpaka ushtuke, kana kwamba mabinti wa baharini wameimba kwa pamoja. Kina kinarudi kwa kumshtua msikilizaji, na kinarudi kwenye neno linalotaja kuimba. Sijui mfano mwingine wa kufundishia uhusiano wa vina na maana ulio wazi kuliko huu.

Smith: bahari inayovunja ua

Charlotte Smith, aliyeishi kati ya 1749 na 1806, aliutoa mkusanyiko wake wa kwanza mwaka 1784, wakati mumewe alikuwa amefungwa kwa sababu ya madeni. Katika utangulizi wake alikiri kwamba vishairi hivyo huenda havina haki kamili ya kuitwa soneti, kwa kuwa waliokuwa wakali wa kanuni wakati huo waliitambua zaidi soneti yenye mpangilio wa Kiitaliano. Pamoja na unyenyekevu huo, yeye na mshairi mwenzake William Lisle Bowles ndio ambao mshairi Samuel Taylor Coleridge aliwataja mwaka 1796 kuwa wameifanya soneti ipendwe tena na Waingereza wa zama zao.

Soneti ya 44 ina maelezo mafupi aliyoyaambatisha mwenyewe: Middleton ni kijiji cha nyumba mbili tatu kando ya bahari, zamani palikuwa na ekari kadhaa za ardhi kati ya kanisa na maji, lakini bahari imeendelea kula ardhi hiyo hadi kufika futi chache tu kutoka kwenye jengo, na makaburi yanamomonyoka. Shairi linaanza usiku wa maji makubwa:

"Press'd by the Moon, mute arbitress of tides,
While the loud equinox its power combines,
The sea no more its swelling surge confines,
But o'er the shrinking land sublimely rides."

Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki hahitaji kufafanuliwa sana hapa. Bamvu la majira ambapo usiku na mchana hulingana, mwezi Machi na Septemba, ndilo kubwa kuliko mengine, na upepo mkali ukiongezeka juu yake maji hufika yasikozoea kufika. Smith anajua anachokisema, na anakipanga kisauti tangu neno la kwanza. "Press'd" lina mkazo pale ambapo utaratibu ulitaka silabi hafifu. Kisha "Moon" na "mute" zinakaa jirani, pumziko likiwa katikati yake, zote nzito, zote zikianza kwa /m/ na kubeba irabu ndefu ya aina moja, sauti inayotolewa midomo ikiwa imesongwa. Mwezi ni bubu, na ukelele wote umeachiwa mshororo wa pili, "the loud equinox". Bubu na kelele vimewekwa mshororo juu ya mshororo.

Vina vyake ni ABBA CDDC ECCE FF. Muundo wa jumla unafanana na ule wa Shakespeare, beti tatu za mishororo minne na mbili za kufungia, isipokuwa kila ubeti una vina vilivyokumbatiana badala ya kupokezana. Lakini tazama tena herufi hizo. Ubeti wa pili unatumia "cave" na "grave" kwa C. Ubeti wa tatu ulipaswa kuwa na vina vipya kabisa, EFFE, na badala yake tunapata "wave" na "rave", sauti ileile. Pango, kaburi, wimbi, ghadhabu: maneno manne yanayoubeba mkasa wote yamefungwa kwa kina kimoja, na kina hicho kimeuvuka mpaka wa ubeti kama bahari ilivyouvuka ua wa makaburi. Upepo umetoka pangoni, umepasua kaburi, na sasa mifupa ya wanakijiji inaoshwa na wimbi pamoja na makombe na mwani. Mchambuzi anayeandika "ABBA CDDC EFFE GG" kwa sababu ndivyo alivyozoea kuona amepitwa na jambo kuu la umbo la shairi hili.

Ubeti wa pili unastahili kusomwa mshororo kwa mshororo, hasa mianzo yake: "Drives", "Tears", "And breaks". Vitenzi vitatu vya nguvu vinapokezana ukingoni mwa mishororo mitatu, viwili vya kwanza vikivunja mapigo kwa mkazo wa mwanzo, cha tatu kikirejea kwenye utaratibu. Anayevunjiwa ni "the silent sabbath of the grave", pumziko takatifu la wafu. Na hapa kuna somo kuhusu sauti ambalo Keats hatufundishi. Mshororo wa tatu ulitumia /s/ kwa mawimbi, "sea", "swelling", "surge". Mshororo huu wa nane unaitumia kwa ukimya, "silent sabbath". Sauti moja imetumikia ghasia na utulivu, jambo linalothibitisha kwamba herufi haina maana yake yenyewe hadi shairi liipe.

Mwisho wake ni huu:

"They hear the warring elements no more:
While I am doom'd—by life's long storm opprest,
To gaze with envy on their gloomy rest."

Wafu hawasikii tena vita vya maumbile, na msemaji, aliyelemewa na dhoruba ndefu ya maisha, anawaonea wivu. "No more" ni maneno tuliyoyasikia katika mshororo wa tatu, bahari ilipoacha kujizuia. Sasa ni wafu walioacha kusikia. Na "opprest" katika mshororo wa kumi na tatu inairudisha "Press'd", neno la kwanza kabisa. Bahari ilikandamizwa na mwezi ikafurika. Mwanamke huyu amekandamizwa na maisha, naye hafuriki. Anatazama tu, na kina cha mwisho kinaligeuza "opprest" kuwa "rest". Shairi halisemi waziwazi kwamba msemaji na bahari wanafanana. Sauti ndiyo inayosema.

Mahali yanapoachana

Tofauti kubwa ya kwanza ni mgeuko, yaani pale soneti inapobadili mwelekeo wa mawazo yake. Keats anageuka mahali palipozoeleka, mwanzoni mwa mshororo wa tisa, kwa ritifaa, yaani mwito wa moja kwa moja, ya "Oh ye!" inayomtoa msomaji kwenye maelezo na kumwingiza kwenye mwaliko. Ni rahisi kuutambua na ni rahisi kuueleza. Smith anauchelewesha hadi mshororo wa kumi na tatu, kwa neno dogo "While", ingawa "But" ya mshororo wa kumi na moja imekwisha kuutangulia. Matokeo ni kwamba mishororo kumi na miwili inajaza mandhari, na nafsi ya msemaji inabaki na miwili tu ya kusimamia. Uchambuzi wa umbo hapa unapata uwiano wa kuelezea: dhoruba imepewa nafasi mara sita ya ile aliyopewa mtu.

Ya pili ni hatari zinazomngoja mchambuzi. Kwa Keats hatari ni kuzidisha, kudai kwamba kila irabu ni wimbi. Mshororo ambao haufanyi jambo la pekee uachwe upite. Wa tano, kwa mfano, hauhitaji kulazimishwa. Kwa Smith hatari ni wasifu. Maisha yake yalikuwa na taabu ya kweli, na ni rahisi mno kuacha "life's long storm" imezwe na habari za mume mwenye madeni, insha ikageuka simulizi. Swali linauliza umbo na sauti, na jibu libaki humo. Sentensi moja ya wasifu inatosha.

Kuna wanaouliza kuhusu William Wordsworth, mshairi mwingine wa Uromantiki, na ni haki. Soneti yake ya ufukwe wa Calais ya Agosti 1802, inayoanza "It is a beauteous evening", ina wakati mmoja wa ajabu wa sauti, pale "Listen!" inapokata utulivu katika mshororo wa sita na bahari inanguruma kama radi. Lakini kuanzia mshororo wa tisa shairi linamgeukia mtoto anayetembea naye na linaiacha bahari. Ile nyingine, "With Ships the sea was sprinkled", ni ya macho zaidi kuliko masikio. Inafuata merikebu moja hadi inapoelekea kaskazini, na maji yenyewe hayatoi mlio. Zote mbili ni nzuri kwa mada nyingine. Kwa mada hii zinakupa nusu ya shairi.

Nani achague lipi

Kwa mtihani wa saa moja, au kwa anayeanza kuchambua soneti, ningemshauri achukue Smith bila kusita. Hoja zake kuu nne, yaani kina cha "-ave" kinachovuka ubeti, vitenzi vya mwanzo wa mishororo, "Press'd" inayorudi kama "opprest", na mgeuko uliocheleweshwa, zinaweza kuonyeshwa kwa kidole kwenye karatasi, na hata mtu asiye na uhakika wa mkazo wa Kiingereza atazitetea. Anayeandika insha ndefu, ana muda wa kulisoma shairi kwa sauti mara nyingi, na ikiwezekana kumsikiliza mtu mwingine akilisoma, amchukue Keats. Atafanya kazi zaidi, lakini atapata mambo ambayo hayajaandikwa katika kila kitabu cha mwongozo. Neno lililotangulizwa katika swali nalo lisipuuzwe: likitangulia "sauti", Keats, likitangulia "umbo", Smith.

Mwalimu anayepanga kufundisha yote mawili afundishe Smith kwanza. Darasa likishaona jinsi kina kinavyoweza kuvuka mpaka, litakuwa tayari kusikia jinsi kina kinavyoweza kuchelewa, na umbali wa "tired" hadi "quired" hautahitaji maelezo marefu.

Lipi lolote litakalochaguliwa, nakala itumikayo itajwe, kwa sababu matoleo yanatofautiana katika tahajia na alama za uandishi. Ukikutana na toleo la Keats lililoandika "choired" badala ya "quired", kina bado kipo masikioni ingawa macho hayakioni tena. Toleo la Smith linaloandika "Pressed" na "oppressed" kwa tahajia ya kisasa linauweka wazi zaidi uhusiano wa maneno hayo mawili, lakini linaificha "rest" iliyomo ndani ya "opprest". Hoja inayotegemea herufi ya namna hiyo ijengwe juu ya toleo la zamani, na inayotegemea matamshi inaweza kujengwa juu ya lolote.